Viunganishi vya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeandika na kuzungumza Kiingereza darasani, kazini au kwenye mtihani, lakini akili yake inawaza kwa Kiswahili. Makosa mengi ya viunganishi hayaletwi na uvivu. Kiswahili kina utaratibu wake wa kuunga mawazo, nao ukihamishiwa kwenye Kiingereza bila kurekebishwa, sentensi inachechemea.

Nimekariri viunganishi zaidi ya 50. Mbona insha zangu bado zinasomeka vipandevipande?

Kwa sababu kiunganishi hakizalishi uhusiano kati ya sentensi mbili. Kinautangaza tu. Kondakta akipaza sauti "Kariakoo!" halafu gari likashika njia ya Mbagala, abiria hawatamshukuru kwa kuwa na sauti nzuri. Tazama aya hii, ya aina inayopatikana katika madaftari mengi ya kidato cha tatu:

"The road was closed in March. Moreover, traders could not reach the market. Furthermore, tomatoes rotted in the store. In addition, prices rose. Therefore, many families stopped buying them."

Sarufi ya kila sentensi ni safi, lakini viunganishi vitatu vya kwanza ni vya uongo. "Moreover", "furthermore" na "in addition" vinasema: hii hapa hoja nyingine ya upande uleule. Sasa wafanyabiashara kushindwa kufika sokoni si hoja ya nyongeza juu ya barabara kufungwa. Ni tokeo lake. Nyanya kuoza ni tokeo la tokeo. Msomaji anaahidiwa nyongeza, anapewa sababu na matokeo, na hapo ndipo anapohisi kukatikakatika hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Iandike hivi:

"When the road was closed in March, traders could no longer reach the market. Tomatoes rotted in their stores, and the few that did get through sold at a price most families could not pay."

Hakuna "moreover" hata moja. Kazi imefanywa na "when", "their", "and" na "the few that", maneno madogo yasiyojitangaza.

Kumbe kuna njia za kuunga sentensi bila viunganishi?

Ndiyo, na ndizo nyingi. M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan, wanaisimu walioichambua mada hii mwaka 1976, waliugawa mshikamano wa Kiingereza katika makundi matano: urejeshi kama "it" na "this", ubadilishaji (neno moja kushika nafasi ya jingine), udondoshaji (kuacha neno linaloeleweka), viunganishi, na uhusiano wa msamiati. Viunganishi ni kundi moja kati ya matano. Anayeshikilia orodha ya "moreover" na "however" peke yake anapika kwa figa moja.

Njia yenye faida ya haraka kuliko zote ni "this" ikifuatiwa na nomino inayotaja kwa muhtasari kilichosemwa. Badala ya "The ministry postponed the exams. Therefore, students complained", andika "The ministry postponed the exams. This delay angered students who had already paid for transport home." Neno "delay" limeibeba sentensi yote ya kwanza na kuikabidhi kwa ya pili. Weka benki yako ya nomino za namna hiyo: decision, change, problem, method, increase, loss, claim. Epuka kuiacha "this" peke yake pale ambapo nyuma yake kuna vitu vitatu, maana msomaji atauliza: hii ipi?

Jambo la pili ni mpangilio. Anza sentensi na kile ambacho msomaji ameshakijua, umalizie na kipya. Kipya hicho kinaweza kuwa mwanzo wa sentensi inayofuata.

Kwa nini mwalimu anakata "but" ninapoandika "Although he was sick, but he came"?

Kiswahili cha kila siku husema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na sikio halishtuki. Kiingereza kinataka alama moja tu ya ukinzani kwa jozi moja ya vishazi, yaani sehemu za sentensi zenye kitenzi chake. Chagua: "Although he was sick, he came" au "He was sick, but he came". Ukitaka kutia mkazo upande wa pili, "still" inaruhusiwa: "Although he was sick, he still came."

Ugonjwa huohuo unazikumba sababu. "Kwa kuwa mvua ilinyesha, kwa hiyo hatukwenda" huzaa "Because it rained, so we did not go". Ondoa "so" au ondoa "because". Na "the reason is because" irekebishwe kuwa "the reason is that".

"Despite" au "despite of"?

"Despite", bila "of". Kosa hili lina asili ya kueleweka: "licha ya" ina "ya" ndani yake, nayo "in spite of" ina "of", basi mkono unaandika "despite of" wenyewe. Baada ya "despite" weka nomino au kitenzi chenye -ing: "despite the rain", "despite losing the first match". Huwezi kuweka kishazi kamili. "Despite it was raining" si Kiingereza. Ukiwa na kishazi, tumia "although".

Kwa upande wa sababu, Kiswahili kinakusaidia. "Kwa sababu" ni "because" na hufuatwa na kishazi. "Kwa sababu ya" ni "because of" na hufuatwa na nomino. Ukiona "ya", weka "of". Hapa hesabu inalingana.

Alama gani huandamana na "however"?

Hapa hupotea maksi nyingi. "But" na "however" zinakaribiana kwa maana, lakini ni maneno ya aina mbili tofauti. "But" ni kiunganishi halisi: kinaweza kushika vishazi viwili ndani ya sentensi moja. "However" katika matumizi haya ni kielezi, hakina nguvu hiyo. Kwa hiyo:

"The bus was late, but we arrived on time." Sahihi.

"The bus was late, however we arrived on time." Kosa. Sentensi mbili zimeunganishwa kwa koma tupu.

"The bus was late. However, we arrived on time." Sahihi.

"The bus was late; however, we arrived on time." Sahihi, kwa nukta-mkato.

"The bus was late. We arrived, however, on time." Sahihi, na koma ziko pande zote mbili.

Sheria hiyohiyo inavibana "therefore", "moreover", "nevertheless", "consequently" na "otherwise". Kipimo chepesi: jaribu kulihamisha neno hadi katikati au mwisho wa kishazi chake. Likihamishika, ni kielezi, na likianza kishazi linahitaji nukta au nukta-mkato kabla yake. "But" haihamishiki: huwezi kusema "we arrived but on time" ukabaki na maana ileile.

Angalizo: "however" isiyofuatwa na koma inaweza kuwa na maana nyingine kabisa. "However hard he tried, the door would not open" ni "hata alivyojitahidi vipi".

"Hata kama" ni "even if" au "even though"?

Inategemea jambo limetokea au halijulikani. "Even though" ni kwa jambo la kweli: "Even though she failed, she applied again", yaani alifeli kweli. "Even if" ni kwa dhana: "Even if she fails, she will apply again." Katika mazungumzo "hata kama" huchukua kazi zote mbili, ndiyo maana zinachanganywa. Jiulize kama unaweza kuweka "ingawa" mahali hapo. Ikikubali, andika "even though".

Jirani yake ni "in case". Wengi huandika "In case you have a question, call me" wakikusudia "ukiwa na swali". Hapo tumia "if". "In case" hasa ni tahadhari, ile "isije ika-": "Carry an umbrella in case it rains" maana yake beba mwavuli sasa, mvua isije ikakukuta. Tofauti inaonekana hapa: "I will buy candles if the power goes" ni mtu atakayetoka kutafuta mishumaa gizani. "I will buy candles in case the power goes" ni mtu aliyejipanga.

Hadithi zangu zimejaa "then… then… then". Nifanyeje?

Chanzo ni -ka-. Kiswahili kinaweka mfuatano ndani ya kitenzi: "Aliamka, akanawa uso, akanywa chai, akaenda kituoni." Mfasiri wa kichwani anaitafuta -ka- kwa Kiingereza, anaikosa, anaweka "then" kila mahali. Kumbe wakati uliopita wa Kiingereza, vitenzi vikipangwa kwa safu, tayari humaanisha mfuatano:

"She got up, washed her face, drank her tea and went to the bus stop."

"And" moja tu, kabla ya kitenzi cha mwisho. Ukitaka kuvunja safu, tumia "after" au "before" pamoja na -ing: "After washing her face, she drank her tea." Chunga hapo, mtendaji awe yuleyule. "After drinking tea, the bus arrived" inamaanisha basi ndilo lililokunywa chai. Iokoe "then" kwa pale hadithi inapogeuka: "Then the lights went out." Ikitumika mara moja, inashtua.

Zipi zinafanana lakini si moja?

"At first" na "first". "First" au "firstly" huorodhesha. "At first" ni mwanzoni, na huahidi kwamba mambo yalibadilika baadaye: "At first I hated the job." Msomaji anasubiri "but". Ukianza hoja ya kwanza ya insha kwa "at first", unamsubirisha bure.

"At last" na "lastly". "At last" ni hatimaye ya mtu aliyechoka kungoja. Mzungumzaji anayefungua hoja yake ya mwisho kwa "At last" anaiambia hadhira kwamba hata yeye amefurahi yanakwisha.

"On the other hand" na "on the contrary". Ya kwanza inaleta upande wa pili, na pande zote mbili zinaweza kuwa kweli: "The flat is small. On the other hand, it is near the station." Ya pili inakanusha kilichosemwa: "The work was not easy. On the contrary, it nearly broke us." Usipokuwa na jambo la kukanusha, iache.

"So" na "so that": hivyo, na ili.

"Also" na "either". "Na mimi pia sipendi" si "Me too I don't like it". Penye ukanusho sema "I don't like it either", au kwa ufupi "Neither do I".

Maneno tuliyoyazoea huku kwetu: "more so", "in as much as", "whereby"?

Yote yapo katika Kiingereza, ila Afrika Mashariki tumeyapa kazi nyingine. Ofisini Nairobi au Kampala utaeleweka. Kwa mtahini au mhariri wa nje utakwama.

"More so" kwetu ni "hasa": "I like fruit, more so mangoes." Sanifu ni "especially mangoes". "More so" hulinganisha kiwango cha sifa iliyokwisha kutajwa: "He was tired, and his wife even more so." Kuiandika "moreso" kwa neno moja ni kosa juu ya kosa.

"In as much as I respect him, I disagree." Hapa linakusudiwa "ingawa", wakati "inasmuch as" sanifu ni karibu na "kwa kuwa" au "kwa kadiri ambavyo". Andika "Much as I respect him, I disagree". Maneno mawili yamepungua na maana imerudi.

"Whereby" ni "ambapo kwa utaratibu huo": "a system whereby members lend to each other". Kikundi cha kuweka na kukopa kinaielezea vizuri. Isitumike kwa kila "ambapo": "a situation whereby the teacher was absent" iwe "a situation in which", au bora zaidi, taja tu kwamba mwalimu hakuwepo.

"According to me" haikubaliki. "According to" hutaja chanzo kingine. Maoni yako ni "in my view" au "I think".

Naweza kuanza sentensi kwa "And", "But" au "Because"?

Unaweza. Magazeti ya Kiingereza hufanya hivyo kila siku. "Because" ina sharti moja: kishazi kikuu kifuate ndani ya sentensi hiyohiyo. "Because the clinic was closed." peke yake, ikifungwa kwa nukta, ni nusu sentensi. Kwenye ripoti rasmi punguza "And" na "But" za mwanzoni, si kwa kuwa ni haramu, bali kwa kuwa baadhi ya walimu bado wanazikata.

Katika mazungumzo, "yaani", "basi" na "kumbe" nazisemaje?

"Yaani" ya kufafanua ni "I mean" au "in other words". Kwenye maandishi, "that is". "Yaani" ya kuvuta muda wakati unafikiri haina haja ya tafsiri. Nyamaza sekunde moja. Ukimya mfupi unasikika kama utulivu, "like, like, like" inasikika kama kukwama.

"Basi" ya kufunga ni "so" au "right, then". "Kumbe" haina neno moja, Kiingereza hutumia kitenzi: "I thought he was the guard. He turned out to be the owner." Au "It turns out the office closes at four."

Ukirudi kwenye mada baada ya kuchepuka, sema "Anyway". Ukichepuka, "By the way". Neno hili la pili wengi wetu tunalitumia kutia mkazo, kama "I'm serious, by the way", na mgeni hubaki akingoja habari mpya. Ukihama kutoka suala moja hadi jingine kwenye kikao, "As for the budget" inatosha, ile "ama kuhusu bajeti". Na kulegeza ulichotoka kusema: "That said".

Kwenye maandishi msomaji anaweza kurudi nyuma. Msikilizaji hawezi. Kwa hiyo mzungumzaji ana ruhusa ya vibao vingi zaidi: "There are two problems. The first is water." Kisha, dakika tatu baadaye: "That was water. The second problem is land." Kurudia "water" si upungufu wa msamiati. Aliyekuwa anajibu ujumbe kwenye simu anakuwa amerudi kwenye mada.

Matamshi je?

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa bahati "however" na "moreover" vinafuata hivyohivyo. "Consequently" na "subsequently" havifuati: mkazo uko kwenye silabi ya kwanza kabisa, CON na SUB, zilizobaki zinapita haraka. "Nevertheless" hukazwa mwishoni, LESS. Baada ya kiunganishi cha mwanzo wa sentensi pumua kidogo, pale ambapo koma ingekaa.

Kwenye mitihani viunganishi vina uzito gani?

Katika uandishi wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, mshikamano na mtiririko ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa. Sehemu ya pili inataka angalau maneno 250, na wengi hukimbilia kuyajaza kwa "Furthermore" na "In conclusion". Tahadhari: mwongozo wa alama hutaja kuzidisha viunganishi kama kasoro, na kwa alama ya juu kabisa, 9, mshikamano hautakiwi kumvuta macho msomaji ila kwa nadra sana.

Kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina kifungu chenye mapengo 10, na baadhi hudai kiunganishi. Usibahatishe kwa maana peke yake, tazama kinachofuata pengo. Likianza sentensi na koma ikalifuata papo hapo, tafuta "However" au "Therefore". Likifuatwa na nomino bila kitenzi chake, ni "Despite" au "Because of". Likifuatwa na kishazi kamili, kisha koma na kishazi kingine, ni "Although", "Because" au "When". Na kwenye maswali ya kugeuza sentensi, kumbuka kwamba "Not only" ikianza sentensi hupindua mpangilio: "Not only did the driver refuse to stop, but he also insulted the passengers." Anayeandika "Not only the driver refused" amelikosa hilo.

Nihariri vipi rasimu yangu?

Chukua penseli na uzungushie kila kiunganishi kilichoanza sentensi. Aya ya sentensi sita ikiwa na zaidi ya viwili, ishuku. Kisha isome aya kwa sauti ukiviruka vyote. Pale ambapo maana haikutetereka, kifute moja kwa moja. Pale ulipojikwaa, usirudishe neno lilelile haraka. Kwanza taja uhusiano huo kwa Kiswahili: ni sababu, tokeo, ukinzani, mfano, au wakati? Ukishindwa kuutaja, kasoro iko kwenye hoja na hakuna neno la Kiingereza litakaloitibu. Sentensi moja inakosekana hapo katikati, au iliyopo haikustahili kuwepo. Mwisho pitia alama: kila "however" na "therefore", angalia kilichoko kushoto kwake. Ukikuta koma peke yake na kishazi kamili kila upande, weka nukta.